Kuziba mwanga dirishani ili ulale mchana: mwongozo kwa wanaotoka naiti

Chumba changu cha kwanza cha kupanga hapa Mwanza kilikuwa Igogo, mlimani kwenye mawe, dirisha likitazama mashariki. Mimi ni muuguzi, na wakati huo nilikuwa naingia naiti nne mfululizo. Jua la kwetu halina msimu wa kuchelewa. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja asubuhi, na mimi nilikuwa nafika nyumbani saa mbili, limeshapanda, linamulika kitanda changu sawasawa. Natundika kanga, nalala. Saa nne macho yanafunguka yenyewe, kichwa kizito, mwili unadai usingizi na usingizi hauji. Naongeza kanga ya pili. Naongeza kitenge. Mwezi wa tatu wa maisha hayo, usiku mmoja nilimpima mgonjwa presha mara mbili na mara zote mbili nikasahau kuandika. Hakudhurika, lakini niliogopa, na asubuhi yake nikaanza kulishughulikia dirisha langu kama ninavyoshughulikia jambo la kazini.

Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa naziba katikati, na mwanga ulikuwa unaingia pembeni.

Aliyenionyesha ni baba yangu mdogo, ambaye amevua dagaa Ukerewe tangu ujana wake, kuanzia enzi za karabai hadi hizi taa za betri na sola. Alipokuja kunitembelea nilimwamkia, nikampa kiti, kisha nikamlalamikia habari ya usingizi. Akatazama zile kanga zangu tatu, akatazama juu yake palipokuwa wazi, akasema, "Mwanangu, sisi mbalamwezi ikiwaka tunabaki kambini, kwa sababu taa zetu hazina kazi tena. Lakini usiku wa giza, taa ndogo tu dagaa wanaifuata kutoka mbali. Wewe humu ndani umebakiza taa ndogo." Alikuwa anaonyesha kwa kidole ule mstari mweupe juu ya pazia.

Ndivyo jicho lilivyo. Ndani yake kuna chembe hai (seli) ambazo kazi yake ni kuupasha ubongo habari kwamba kumekucha. Zikipata mwanga, ubongo unapunguza melatonini, homoni inayoachiliwa gizani na kuuambia mwili kuwa ni usiku. Kufunga macho hakutoshi, maana kope ni ngozi nyembamba na mwanga mkali unaipenya. Wapo ndugu na majirani wanaosema ukichoka utalala popote, kwamba anayehangaikia giza anajidekeza. Sayansi haikubaliani nao. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Wamarekani watatu waliochunguza inzi wa matunda wakaonyesha jinsi saa ya mwili inavyoendeshwa ndani ya chembe zenyewe. Saa hiyo inafuata mwanga na giza. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, awe analala usiku au mchana, na anayelala mchana analazimika kuutengeneza usiku wake kwa mikono.

Vitu vyote ninavyovitaja hapa vinapatikana mjini kwa kuokota, kuomba au kununua kwa pesa kidogo.

Anza kwa kutafuta mwanga unakopita

Usinunue kitu bado. Chagua siku ya mapumziko, saa zilezile ambazo huwa unalala. Funga mlango, teremsha pazia kama kawaida, weka simu mbali, lala kitandani kichwa kikiwa juu ya mto. Usipime ukiwa umesimama. Mahali pa kupimia ni pale macho yako yatakapokuwa. Kaa hivyo nusu saa. Dakika tano za mwanzo utaona giza linatosha na utatamani kuamka uendelee na shughuli. Vumilia. Jicho linachukua kama nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga unaokuamsha saa nne ni ule unaoonekana jicho likishazoea. Kisha shika chaki, na kila unapoona upenyo weka alama.

Chumba changu kilitoa alama kumi na moja. Dirisha lilikuwa na nne. Ya kwanza, na mbaya kuliko zote, ilikuwa juu ya bomba la pazia, ambako nguo inaacha mdomo wazi: mwanga unapanda hadi kwenye bati, kisha bati linausambaza chumba kizima. Mbili zilikuwa kushoto na kulia, ambako pazia halikugusa ukuta. Ya nne ilikuwa chini. Kati ya zile zilizobaki, moja ilikuwa chini ya mlango, moja tundu la ufunguo, moja mwanya ulio kati ya ukuta na bati, na tatu matundu ya misumari iliyong'oka juu ya paa, madogo kama punje za mtama, lakini kila tundu lilikuwa linatupa duara la mwanga sakafuni lenye ukubwa wa sarafu.

Ya kumi na moja ilinichukua muda. Lilikuwa doa la mwanga ukutani, juu kabisa, likitetemeka. Nikatoka nje kulitafuta linakotoka. Mpangaji mwenzangu alikuwa ameweka beseni la maji ya kufulia uani. Jua linapiga maji, maji yanautupa mwanga juu, unaingia kwa ule mwanya wa paa. Tulisogeza beseni hatua tatu hadi kivulini na alama hiyo ikafutika bila kutumia hata msumari.

Ndiyo maana nasisitiza utoke nje pia. Mji wetu una mambo yake. Nyumba zinapandiana mlimani, kwa hiyo bati jipya la jirani aliye chini yako linakurushia jua kutokea chini, na pazia fupi halisaidii. Ukikaa Igogo, Mabatini au Isamilo, huenda nyuma ya dirisha lako, umbali wa mkono mmoja, kuna jiwe kubwa. Jua likifika hapo jiwe linang'aa, na dirisha ulilodhani ni la kivulini linageuka taa. Na waliopanga upande wa ziwa, Kirumba kwa mfano, wanapata jua mara mbili alasiri: moja la angani, moja la majini. Andika saa ambazo kila mwanga unaingia. Anayelala saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri hahitaji kuhangaika na dirisha la magharibi kama anavyohangaika na la mashariki.

Kama umetoka kazini sasa hivi na unataka kulala leo

Chukua foili, ile wanayofungia samaki wa kuchoma. Lowanisha kioo kwa maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, bandika foili upande unaong'aa ukitazama nje, pitisha kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni ili kusukuma maji. Inashika bila gundi. Ikining'inia, kamata pembe kwa gundi ya karatasi ile wanayotumia wapiga rangi, ambayo haiachi utando kwenye kioo kama selotepu. Huna foili, tumia magazeti na gundi ya uji wa ngano, lakini uwe na subira: gazeti moja linapitisha mwanga, yanahitajika manne au matano yakipandana, na kuyatoa ni kazi ya maji ya moto.

Tahadhari moja. Usibandike kitu cheusi moja kwa moja juu ya kioo kinachopigwa na jua kali. Sehemu ya katikati inapata moto huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu zikibaki za baridi, na kioo kinaweza kupasuka. Foili inarudisha jua nje kwa hiyo ina nafuu, ila kama kioo chako ni kikubwa au kina ufa tayari, usikibandike kitu. Nenda kwenye kibao nitakachokieleza.

Madirisha ya luva hayabandikiki vizuri. Kwa leo, kunja kanga mara nne kwa urefu, funga machoni fundo likiwa pembeni ya kichwa, siyo kisogoni, ili usilalie fundo. Ni msaada wa siku moja. Ukigeuka usingizini inatoka.

Zamani watu walikuwa wanabandika mifuko myeusi ya rambo. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na hata ingekuwepo nisingekushauri, kwa sababu jua likiipasha chumba kinanuka plastiki.

Kibao cha boksi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ukiifanya vizuri mara moja itakutumikia mwaka mzima au zaidi. Wazo ni kutengeneza kibao chepesi kinachojaa ndani ya uwazi wa dirisha, unakipachika ukirudi kazini na kukitoa ukiamka.

Omba boksi kubwa kwenye maduka ya friji na televisheni katikati ya mji. Wengi wanalitoa bure ukifika jioni wanapofunga. Boksi likiwa na alama za maji au harufu ya samaki, liache. Niliwahi kuchukua boksi zuri sana Mwaloni, kwenye soko la samaki, kumbe lilikuwa limewekewa dagaa. Siku ya pili jua lilipolipasha nilishindwa kulala kwa harufu, siyo kwa mwanga.

Pima uwazi wa dirisha sehemu tatu kwa upana na sehemu tatu kwa kimo. Madirisha yetu ya kupanga mara nyingi hayako pembe mraba. Langu lilikuwa na tofauti ya sentimita mbili kati ya juu na chini. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza sentimita moja kila upande. Usiogope kupunguza, nafasi hiyo ina kazi yake.

Kata vipande viwili vya boksi vya ukubwa huo. Ukitazama boksi kwa karibu utaona mifereji inayokwenda upande mmoja. Kipande cha kwanza kiwe na mifereji inayosimama, cha pili inayolala, ndipo uvigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao na kuviwekea mzigo usiku kucha. Mifereji ikikatana, kibao hakipindi. Ikifuatana, baada ya wiki mbili za joto kibao kinajikunja kama chapati.

Upande utakaotazama nje bandika foili au karatasi nyeupe, irudishe jua kabla joto halijaingia. Upande wa ndani bandika kitambaa cheusi au cha bluu iliyokolea. Nguo kuukuu inatosha, ila ijaribu kwanza: washa tochi ya simu, ifunike kwa nguo. Ukiona umbo la taa, ikunje mara mbili. Kanga nyingi zinashindwa jaribio hili hata zikiwa tatu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nashindwa. Blanketi zito la mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja linafaulu likiwa moja.

Sasa kingo. Chukua sponji ya godoro lililochakaa, kata mikanda yenye upana wa vidole viwili na unene wa kama sentimita mbili, ibandike kuzunguka ukingo wote wa kibao. Ile sentimita moja uliyopunguza inajazwa na sponji iliyobanwa. Kibao kinaingia kwa kusukumwa na kukaa chenyewe bila msumari, sponji inafuata ukuta ulipopinda, na mwanga hauna pa kupita. Pembe nne ndizo zinazovujisha, kwa hiyo mkanda usiukate pembeni, uukunje. Kama sponji ni ya rangi nyepesi, ipake nyeusi au ivike kitambaa, maana sponji ya njano inapitisha mwanga wa njano.

Mwisho toboa matundu mawili katikati, pitisha kamba, funga fundo upande wa nje, upate mshikio. Ziba matundu hayo kwa kitambaa cheusi. Usiache kuweka mshikio. Kibao kilichobana bila mahali pa kushika unakitoa kwa kisu, na siku ya moto au moshi hutakuwa na muda wa kutafuta kisu. Chochote utakachoweka dirishani kiwe cha kutoka kwa mkono mmoja, ndani ya sekunde chache, hata kwa mtoto.

Kama nondo za dirisha ziko upande wa ndani, usawa na ukuta, kibao hakitaingia kwenye uwazi. Hapo kitengeneze kikubwa kuliko dirisha kwa sentimita 15 kila upande na ukifunge kwenye nondo zenyewe kwa vitanzi vya kamba, sponji ikiwa upande wa ukutani.

Pazia, kwa wasioweza kibao

Wenye dirisha pana la aluminiamu la kusukuma wataona kibao ni kikubwa mno. Kwao pazia litafaa, mradi likate zile njia nne. Liwe refu kupita dirisha kwa sentimita 20 kila upande na 30 juu. Bomba la pazia lisogezwe ukutani karibu kadiri inavyowezekana, kisha juu yake funga papi ya mbao yenye kitambaa cheusi kilichokunjwa, kifunike ule mdomo. Pembeni, pazia likamatwe ukutani kwa papi nyembamba au kwa velkro. Kuta zetu nyingi zimepakwa chokaa na chokaa haishiki gundi: velkro inadondoka na ganda jeupe mgongoni mwake. Kwangua chokaa mahali hapo, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, acha pakauke kabisa ndipo ubandike. Au piga msumari wa zege mmoja juu, mmoja chini, utundike papi juu yake, kwa ruhusa ya mwenye nyumba.

Hewa, ambayo wengi wanaisahau

Ukiziba dirisha lote utapata giza zuri na utaamka saa sita umelowa jasho. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto letu si la Dar es Salaam, lakini chumba chenye bati bila dari, saa saba mchana, ni tanuri. Na dirisha ndilo linaloleta upepo wa ziwani, unaoanza kuvuma kuelekea nchi kavu jua likishaipasha ardhi, saa zilezile ulizolala.

Nilipata jibu kwa kukaa nikalitazama lile dirisha kwa muda. Mwanga unakwenda mnyoofu. Hewa inapinda kona. Kwa hiyo itengenezee hewa njia yenye kona mbili, na kona hizo zipake nyeusi.

Tengeneza kibao kikubwa kuliko dirisha, sentimita 20 zaidi kila upande. Usikipachike ndani ya uwazi. Kifunge mbele ya ukuta juu ya papi mbili za inchi mbili kwa mbili, zikisimama moja kushoto na moja kulia. Sasa kati ya kibao na ukuta kuna nafasi ya vidole vitatu, iliyofungwa pembeni na iliyo wazi juu na chini. Upepo unaingia dirishani, unagonga kibao, unageuka, unatoka kwa chini na kwa juu. Mwanga nao unagonga kibao, na kama ukuta wa ndani ya ile nafasi ni mweupe utarukaruka hadi utoke. Kwa hiyo paka ukuta huo na mgongo wa kibao rangi nyeusi isiyong'aa. Mimi nilisaga mkaa kwenye kinu, nikauchekecha kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao na maji hadi ukawa mzito kama uji. Unakauka mweusi tititi, hauakisi kitu. Kama mwenye nyumba hataki ukuta uguswe, paka karatasi ngumu, kisha uibandike ukutani.

Kilichobaki ni mwanga hafifu unaotoka kwa chini. Weka kidevu: kipande cha boksi chenye upana wa kiganja, kimeungwa chini ya kibao kwa kukunjwa kuelekea ukutani, kikiacha upenyo wa vidole viwili. Hiyo ndiyo kona ya pili. Fanya vivyo hivyo juu. Baada ya kuweka kidevu, nilinyoosha mkono mbele ya uso wangu saa sita mchana nikaona kivuli chake tu, na upepo nikausikia miguuni.

Wavu wa mbu wa dirishani usiuondoe kwa ajili ya kazi hii, na kama umechanika ushone kwanza. Ukiondoa wavu ili kupisha kibao umebadilisha usingizi kwa malaria. Chandarua cha kitandani nacho kibaki palepale.

Na jiko la mkaa lisiingie kamwe kwenye chumba ulichokiziba, hata kama limebaki makaa mawili, hata kama mvua inanyesha nje. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuihisi. Chumba chenye nyufa kilikuwa kinakuokoa bila wewe kujua. Ukishaziba nyufa, ulinzi huo haupo. Mshumaa na koroboi vilevile visiwe karibu na boksi na nguo ulizozitundika.

Mlango, paa na tundu la ufunguo

Chini ya mlango weka mguu wa suruali kuukuu uliojazwa mchanga na kushonwa ncha zote mbili. Unaulaza mlangoni ukishaingia. Tundu la ufunguo linazibwa kwa ufunguo wenyewe, au kipande cha kitambaa. Mwanya kati ya ukuta na bati ndio unaotoa hewa ya moto ya chini ya bati, kwa hiyo usiuzibe kwa saruji. Tundika chini yake ukanda wa mfuko wa sandarusi uliopakwa ule mkaa, umbali wa kiganja kutoka ukutani, ili ukiwa kitandani usiuone mwanya.

Matundu ya misumari yazibwe kwa juu ya paa, na fundi, kabla ya mvua za vuli. Hapo unakuwa umeziba mwanga na maji kwa pamoja. Kwa sasa, kipande cha foili chenye gundi kwa ndani kinatosha.

Nyumba zisizo na dari zina tatizo jingine, taa ya jirani inayopita juu ya ukuta wa kati. Hilo nililimaliza kwa sandarusi zilizofunguliwa na kuunganishwa na fundi cherehani, zikafungwa kwa waya kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda tu, siyo chumba chote. Anayetaka kutumia mifuko ya saruji ya karatasi aikung'ute nje, mbali na watoto, na aifute kwa kitambaa kibichi. Vumbi la saruji ni baya kwa kifua na macho.

Wanaolala usiku na kusumbuliwa na taa za nje

Kibao kilekile kinafaa, lakini jaribu kwanza kuongea. Nilipohamia Nyakato, taa ya ulinzi ya jirani ilikuwa inanimulika usoni. Nilikwenda jioni, nikabisha hodi, nikaamkia, "Shikamoo mama," nikamweleza kwamba siku zangu za kulala usiku taa yake inafika kitandani. Akamwita kijana wake akaiinamisha itazame chini, kwenye geti lake. Akaniambia hata yeye ameona uani kwake vizuri zaidi. Taa ya ulinzi inayotazama mbele inammulika mpita njia machoni; inayotazama chini inamulika mlango unaolindwa.

Kwa waliopanga karibu na maji kuna faida ya ziada. Siku ambazo wale wadudu wa ziwani wanapanda juu kama moshi, wanafuata taa. Dirisha lililozibwa halitoi mwanga nje, nao wanapita kwenda kwenye taa nyingine.

Ukiamka

Toa kibao mara moja. Usikae gizani ukichezea simu. Simama dirishani au toka uani dakika chache, mwili ujue kwamba usiku wako umekwisha. Na asubuhi unaporudi kazini fanya kinyume: vaa kofia yenye ukingo, usisimame juani kupiga soga na majirani. Hapa kwetu mtu akikusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", huwezi kumpita kimya, lakini salamu inaweza kuitikiwa ukiwa kivulini.

Mara moja kwa wiki, siku ambayo huingii kazini, toa kibao ukiegemeze nje juani, mgongo wa foili ukiwa chini. Pumzi ya mtu aliyelala na ubaridi wa alfajiri vinaacha unyevu kati ya boksi na kioo, na wakati wa masika nimekuta ukungu wa kijani kwenye pembe za chini baada ya siku kumi tu. Ukiuona ungali mdogo, ufute kwa kitambaa chenye siki, acha pakauke. Ukiwa umeingia ndani ya mifereji ya boksi, ng'oa sponji na kitambaa, uvifue, ukate boksi jipya kwa kipimo kilekile. Kipimo changu nimekiandika kwa kalamu nyuma ya mlango.